Esteri na Ng'ombe wa Mahari Aliyekolezwa Rangi

Pale Kasulu mjini, ukitoka sokoni kama unaelekea stendi, kuna kibanda cha matofali ya kuchoma kilichopakwa bluu. Ukutani, upande wa barabara, pamebandikwa picha ya sinia la nyanya, na nyanya zenyewe ni nyekundu mpaka unahisi zitakurukia shati. Wauza nyanya wakipita hapo husimama, huitazama ile picha, hutazama na mabeseni yao, halafu huondoka wamenuna. Mama mmoja aliingia ndani kuuliza mbegu ile inauzwa wapi. Mwenye kibanda akamjibu bila kucheka, "Mama, mbegu yake ninayo humu kwenye simu."

Mwenye kibanda ni Esteri Mpawenimana, mpiga picha, mpwa wangu. Mama yake ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo akili ile ameitoa kwetu. Kwa baba yake ametoa pua tu. Mimi ni Anania wa Munanila. Darasa la sita nililimaliza vizuri sana, la saba tukakosana. Lakini kalamu sijawahi kuiogopa, na habari za binti huyu ni bora nizisimulie mimi niliyemjua tangu ananyonya, kabla watu wa Kibondo hawajazisimulia kwa namna yao.

Alizaliwa Mtabila, enzi zile kambi ya wakimbizi ipo. Baba yake alikuwa amevuka kutoka Burundi akiwa kijana, akamwona dada yangu, akasahau habari za kurudi. Leo ni raia, ana shamba la maharage, na ni mpole kupita kiasi. Akialikwa kuzungumza, maneno yake huisha kabla chai haijapoa. Nyumbani kwao kulikuwa na picha moja tu ya harusi, na ilikuwa imepauka hata huwezi kujua bibi harusi anaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Siku moja Esteri, hajaanza hata shule, akachukua kalamu ya rangi ya jirani akampaka mama yake midomo myekundu, na baba yake akampaka suti ya kijani. Alichapwa. Picha ikaachwa hivyo hivyo, na wageni wakawa wanaisifia.

Mtoto huyo alikuwa na ugomvi na vitu vilivyopauka. Mtu anaweza kuwa na ugomvi na mbu, na jirani, na serikali ya kijiji. Yeye alikuwa na ugomvi na upaukaji.

Alipokua akaenda kujifunza kwa mzee Nurudini, mwenye studio ya siku nyingi hapo Kasulu, ambaye babu zake walitoka pwani, na hilo hutaambiwa mara moja. Nurudini ndiye aliyemwonyesha kitone. Nitawaeleza kitone, maana bila hicho hamtaelewa kilichotukuta Busunzu.

Ukishapiga picha kwa simu au kamera, kuna mahali pa kuirekebisha. Pale pana mstari, na juu ya mstari kuna kitone unachokisukuma kwa kidole. Ukikisukuma kulia, rangi zinakolea: majani yanakuwa majani, kitenge kinakuwa kitenge, mbingu inakuwa kama imefuliwa jana. Ukikivuta kushoto rangi zinafifia, zinafifia, mpaka picha inabaki majivu matupu. Wenyewe wanaita satureshen. Mimi naona ni chumvi tu. Kuna kiasi chake, na kuna wapishi wasiojua kiasi.

Shida ni kwamba kitone hakichagui. Ukikoleza majani umekoleza na uso wa mtu aliyesimama kwenye majani. Esteri mwanzoni hakulijali hilo. Alimtoa bwana harusi mmoja ana rangi ya embe lililoiva, na macho yake yale meupe yakawa ya njano kama mtu anayehitaji kupelekwa kwa daktari. Nurudini akamwita kwenye kompyuta.

"Binti, umemfanya nini huyu?"

"Nimemchangamsha, mzee."

"Umemchemsha. Ukikoleza, usitazame nguo. Tazama viganja, tazama meno, tazama weupe wa macho. Nyasi hazina ndugu, hata ukizikoleza vipi hakuna atakayekuja kuuliza. Watu wana ndugu."

Esteri alisikia, akashika nusu. Sehemu ya watu na ndugu aliishika. Ile ya kiasi ikampita, na si kosa lake peke yake. Kaeni Kasulu mwezi wa saba muone. Vumbi jekundu linakaa juu ya migomba, juu ya mabati, juu ya kope za watu, juu ya mkate. Kila kitu kinakuwa rangi moja iliyochoka. Halafu mtu anapiga picha kwa Esteri, anapewa simu aangalie, na humo ndani anaikuta nchi yake ya mwezi wa pili, mvua imenyesha jana, migomba inang'aa. Nani atakataa? Watu walitoka Heru Juu, walitoka Buhigwe. Kwaya zilikuja na sare zao za njano, zikatoka na njano ambayo ukiitazama lazima ukunje uso, na wakaipenda. Alipofungua kibanda chake mwenyewe, wateja wengi wakamfuata, na Nurudini akanung'unika wiki moja halafu akaanza kumtumia na wateja wa kwake.

Kazi ilipozidi, Esteri akatafuta njia ya mkato. Alihifadhi mapishi yake ndani ya simu, kila kitone mahali pake, akayapa jina Kiangazi. Mwezi wa sita ukiingia, picha yoyote anayopiga anagusa hapo mara moja, rangi zinapanda zenyewe. Alikuwa anagusa kama mtu anavyopiga mswaki, bila kufikiri.

Sasa njooni kwenye ndoa.

Mdogo wake Esteri anaitwa Nduwayezu, fundi pikipiki, kijana mtaratibu, aliyerithi maneno machache ya baba yake. Alimpenda Aline, anayeshona nguo Kibondo mjini, binti wa mzee Nkunzimana wa Busunzu. Nkunzimana naye ni mtu wa kutoka ng'ambo ya mpaka, alikuja mtoto mdogo wakati watu wanakimbia vita, akalima, akazaa, akapata uraia, akawa mzee wa kanisa. Mshenga wa upande wetu nilikuwa mimi. Msiniulize kwa nini. Mtu akiwa na mdomo kama huu hachaguliwi, anatambuliwa.

Mazungumzo ya kwanza yalienda vizuri. Tukakubaliana majembe, mablanketi, na mtamba mmoja mwenye afya. Mtamba alitoka zizini kwangu, na nasema hili bila majivuno: Munanila hakuna zizi lenye ng'ombe waliotulia kama wangu. Mzee Nkunzimana akasema magoti yake hayamruhusu kusafiri kwenda kumkagua, basi tumletee picha. Mpiga picha tunaye ndani ya nyumba. Esteri akapanda kuja kwangu, mimi nikashika kamba, ng'ombe akasimama kama amelipwa, na picha ikapigwa.

Mtamba yule ni gaju. Hapa niwaambie wale mliolelewa na maziwa ya pakiti: kwa watu wetu wa huku, ng'ombe hawi "wa kahawia" tu. Gaju ni ile rangi nyepesi, kama andazi lililoiva vizuri. Bihogo ni wekundu mzito unaokaribia weusi, kama maharage mekundu yaliyolala kwenye maji. Kijana wa mjini atakwambia wote ni kahawia. Mwambie hivyo mzee aliyelelewa zizini, atakutazama kama umemwambia mke wake na dada yake ni mtu mmoja.

Esteri akarudi Kasulu, akagusa Kiangazi, akamtumia Aline picha kwa wasapu, akaendelea na pasipoti saizi za watu. Jioni Aline akajibu: "Baba amesimama bila fimbo. Anasema ni kama ng'ombe wa mama yake kabisa. Ameita majirani wote kuangalia." Esteri akanisomea kwenye simu. Nikamwambia sishangai, ng'ombe wangu wote wanafanana na mama wa mtu.

Tungemuuliza Aline baba yake alitaja rangi gani tungeokoka. Lakini Aline anajua rangi za vitambaa, si za ng'ombe, na sisi tulikuwa tumeshaanza kufurahi.

Siku ya kumpeleka tukakodi lori dogo la kanta. Nduwayezu akakaa nyuma na ng'ombe, mimi na Esteri mbele na dereva, dada yangu na mumewe wakatangulia na basi. Esteri alivaa gauni la zambarau, kamera shingoni, na njia nzima alikuwa anapanga picha: ng'ombe akishuka, mzee akimpokea, shangazi wakipiga vigelegele. Moyo wake ulikuwa juu. Wa Nduwayezu sijui, alikuwa nyuma anakula vumbi.

Busunzu tukawakuta wamejaa uani. Majirani, wazee wa kanisa, watoto juu ya ukuta. Mzee Nkunzimana amesimama na fimbo yake, shati jeupe limefungwa mpaka shingoni. Kando yake dada yake Vestina, shangazi wa Aline, mwanamke mfupi mwenye macho ya kukagua mizani. Vigelegele vikaanza. Ubao wa kanta ukafunguliwa, mtamba akateremka kwa adabu zote nilizomfundisha.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja, kama redio inayoishiwa betri.

Shangazi Vestina akasogea. Akamzunguka ng'ombe. Akanigeukia.

"Mshenga, huyu nani?"

"Ni ng'ombe wenu, shangazi."

"Wetu yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Oya, hapana. Huyu ni gaju. Wetu ni bihogo. Wetu tumemwona, kijiji kizima kimemwona." Akanyoosha mkono, Aline akampa simu yake, naye akaishika kando ya ubavu wa ng'ombe ili kila mtu aone. Kwenye simu kulikuwa na ng'ombe mwekundu mzito, anang'aa kama amepakwa mafuta. Kwenye kamba kulikuwa na andazi langu.

Mzee Nkunzimana hakupaza sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema polepole, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya nyumbani, "Mimi sikuwaomba rangi. Ninyi wenyewe ndio mliniletea. Nikafurahi, nikaita watu. Sasa mmemwacha yule njiani mkaniletea huyu. Watu wanaobadilisha ng'ombe barabarani, watabadilisha na maneno ndani ya nyumba. Binti yangu haendi huko."

Aline akajifunika uso kwa kitenge. Nduwayezu, ambaye alikuwa amebeba majembe, akayaweka chini taratibu. Uso wake ulikuwa na vumbi tupu, na kwenye vumbi lile niliona mtu anayepoteza kila kitu bila kujua ameiba nini.

Nikaingia kazini. Nikasema ndugu zangu wa Busunzu, barabara ni ndefu, vumbi ni jingi, ng'ombe amechafuka, ndiyo maana mnamwona hivyo.

"Vumbi letu ni jekundu, mshenga," alisema Shangazi Vestina. "Lingemkalia angezidi kuwa mwekundu. Huyu amepauka."

"Basi ni jua."

"Jua la kutoka Munanila mpaka hapa?"

"Lilikuwa kali."

"Leteni maji."

Wakaleta ndoo. Ng'ombe akamwagiwa, akasuguliwa kwa mikono ya shangazi mwenyewe. Akatoka pale msafi, ametulia, na gaju kuliko alivyoshuka. Watoto wa ukutani wakaanza kucheka. Mimi nilikuwa natafuta hoja nyingine, na ninazo nyingi, lakini Shangazi Vestina alikuwa ameirudia simu. Akaisogeza karibu na pua.

"Mshenga. Mkono huu ulioshika kamba ni wa nani?"

Nikatazama. Ulikuwa wangu, kovu la panga lipo pale pale juu ya kidole gumba. Lakini ulikuwa na rangi ya karoti.

"Ni wangu," nilisema.

"Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuwa naumwa."

"Mkono huu ni wa mtu anayeumwa. Na haya majani," akaendelea, "mwezi wa saba yametoka wapi? Munanila mnanyeshewa peke yenu?"

Hapo ndipo Esteri alipoelewa. Mimi nilimwona. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kamera shingoni, na ghafla akaishika kwa mikono yote miwili kama inataka kudondoka. Alikuwa ameuona mkono. Weupe wa macho ya ng'ombe nao ulikuwa wa njano, kama wa yule bwana harusi. Nikamkonyeza anyamaze, maana nilikuwa na hoja ya mwisho kuhusu aina ya simu ya Aline. Akanipita.

Alipiga goti mbele ya mzee. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, ng'ombe ni huyu. Hakubadilishwa. Kilichobadilishwa ni picha, na aliyebadilisha ni mimi. Mjomba hakujua. Ndugu yangu yule hakujua. Mimi mwenyewe sikujua mpaka sasa hivi shangazi aliposema majani."

"Picha inabadilishwaje?" aliuliza mzee. "Si umeipiga ng'ombe amesimama?"

"Nitakuonyesha. Lakini nitakuonyesha kwa picha mpya, ya hapa hapa, ili usiseme nimeitoa mahali."

Akainuka, akatoa simu, akampiga picha mtamba pale alipo, amelowa, na Shangazi Vestina kando yake na ndoo mkononi. Akaipeleka kwa mzee. Watu wakasogea, kisha wakasongana. Wazee wa kanisa wakawa wanakanyagana. Mtamba kwenye simu alikuwa gaju vile vile, shangazi alikuwa shangazi.

"Sasa tazama kidole changu," alisema Esteri, akasukuma kitone kulia.

Ndugu zangu, nimeona mambo, lakini uwanja ule nitaukumbuka. Ng'ombe alianza kuiva. Aliiva mbele ya macho ya watu, polepole, kama chapati kwenye kikaango: gaju, kisha gaju aliyekolea, kisha mwekundu, kisha yule yule bihogo aliyeitiwa majirani. Udongo chini yake ukawa kama rojo la nyanya. Migomba ya nyuma ikapata mvua. Na Shangazi Vestina akawa rangi ya karoti kutoka kipajini mpaka vidoleni.

"Huyo ni mimi?" aliuliza.

"Sasa na wewe unaumwa, shangazi," nilimwambia, na uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko, hata wale waliokuwa wamenikasirikia. Yeye mwenyewe alinitazama kwa jicho moja, la pili lilikuwa linacheka.

Esteri akavuta kushoto. Rangi zikatoka moja moja, ng'ombe akarudi gaju, akapita gaju, akawa wa majivu, na shangazi naye majivu. Watoto wakaruka kutoka ukutani. Mtu akasema "rudia", akarudia. Wengine wakasema "fanya kwa huyu", wakasukuma jogoo mbele, akampiga picha jogoo akamfanya moto. Mzee mmoja akatoa kofia yake ya zamani akauliza kama anaweza kuirudisha ilivyokuwa dukani. Hata dereva wa kanta aliacha gari wazi akaja.

Mzee Nkunzimana peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika simu, na alipokuwa anatazama, kidole chake mwenyewe kilikuwa juu ya kioo, hakijagusa.

"Mwana wanje, mwanangu," alimwambia Esteri. "Mrudishe. Aanze gaju. Halafu ongeza kidogo kidogo, nitakwambia."

Esteri akampiga mtamba picha nyingine, safari hii peke yake. Akamzungushia kidole kwenye kioo, akimtenga na udongo na migomba, na kitone kikawa cha ng'ombe tu. Vingine vyote vikabaki kama vilivyo, na vumbi lao. Kisha akaanza kusukuma.

"Ongeza," alisema mzee.

Akaongeza.

"Ongeza. Bado. Yule wa mama alikuwa na wekundu wa ndani, si wa juu. Hapo umepita. Rudi. Rudi kidogo tena. Na mwanga, unaweza kupunguza mwanga? Tulikuwa tunamkamua alfajiri."

Esteri akapunguza mwanga. Kidole chake kilikuwa kinakwenda taratibu sana. Sijawahi kumwona akivuta kitone taratibu namna ile. Huyu ndiye aliyekuwa anagusa Kiangazi kama kupiga mswaki.

"Shingoni alikuwa mweusi zaidi," alisema mzee.

"Hapa?"

"Chini yake. Hapo. Ni yo," alisema kwa Kirundi, halafu akatuambia sote kwa Kiswahili, "Ndiye. Tulipokimbia, tulipofika mto wa mpakani, alikataa kuingia majini. Mama alimfungua kamba akamwachia ukingoni. Mimi nilikuwa mgongoni kwa mama, nikawa namtazama kwa nyuma mpaka matete yakamfunika. Watoto wangu nimewasimulia, lakini hakuna aliyewahi kumwona."

Aline alikuwa ameondoa kitenge usoni. Alisogea akasimama nyuma ya baba yake, akatazama juu ya bega lake. Majirani nao wakapokezana simu, safari hii bila kelele, wakimshika yule ng'ombe kwa vidole viwili vya uangalifu.

Mimi nikaona nafasi. Nikakohoa kile kikohozi cha mshenga. "Kwa hiyo mzee, kama tunavyoona, bihogo amefika."

"Bihogo hajafika," alisema Nkunzimana. "Hapo umelowa, mshenga, kaa kimya ukauke." Kicheko kikarudi. Yeye akaweka fimbo chini, akaenda kwa mtamba mwenyewe. Akampapasa mgongo, akamfungua mdomo akatazama meno, akainama kwa magoti yake yale mabovu akamtazama tumboni. Mtamba akageuza shingo akamnusa shati jeupe, akaliacha na alama ya ute begani. Hakulifuta.

"Mama yake ana maziwa?"

"Ana maziwa mpaka tunagawia jirani," nilisema, na hilo ni kweli tupu, waulizeni wa Munanila.

Akasimama. Akamtazama Nduwayezu, aliyekuwa bado kando ya majembe yake na mikono imening'inia. Kisha akamtazama Esteri.

"Mjomba wako alikuwa ananipa jua na vumbi. Angeendelea mpaka jioni."

"Angeendelea mpaka kesho," alisema Esteri.

"Na wewe ungeweza kumwacha. Ungenyamaza, ukaenda kwenye gari na kamera yako. Umekuja ukasema ni wewe, mbele ya watu wote hawa, na ndugu yako akiwa amesimama pale." Akavuta pumzi. "Majirani niliwaambia bihogo. Nitawaambia wamekuja gaju na bihogo siku moja. Aliye na kamba anaingia zizini. Yule mwingine mtaniletea kwenye karatasi nzuri, niweke ukutani."

"Na faini," alisema Shangazi Vestina upesi, kabla shangwe haijaanza. Maana upande wa bibi harusi haukubali kitu bila faini, hata ukiwaletea zizi zima.

"Faini ni ipi, shangazi?" nilimuuliza, nikiwa tayari kubishana. Kwenye faini ndipo jina langu linapojulikana.

"Si yako, ni ya huyu binti. Atupige picha wote wa nyumba hii, mmoja mmoja. Na rangi zake za Kasulu aziache Kasulu. Ngozi iwe ngozi."

Esteri akakubali kabla sijafungua mdomo, na hapo aliniharibia mazungumzo mazuri sana.

Wakatoa kiti uani, kikawekwa mbele ya ukuta wa matofali. Wa kwanza kukaa alikuwa shangazi mwenyewe. Alikaa wima, mikono magotini, kitenge chake cha kanisa kiunoni, kilichofuliwa mara nyingi hata maua yake yalikuwa kama yamechorwa kwa chai. Esteri akapiga, hakugusa kitone chochote, akampa simu atazame.

Shangazi alitazama muda mrefu. Uso aliupitisha. Mikono akaipitisha. Akafika kwenye kitenge.

"Ngozi umefanya vizuri," alisema. Kisha akapunguza sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Hiki kitenge nilikinunua Kibondo kikiwa na maua mekundu. Mekundu kweli. Kaka yangu amerudishiwa ng'ombe mzima."

"Shangazi, umesema rangi niziache Kasulu."

"Nimesema ngozi iwe ngozi. Kitenge si ngozi. Kizungushie kidole kama ulivyomzungushia ng'ombe."

Esteri akachuchumaa kando ya kiti chake, kichwa chake na kilemba cha shangazi vikagusana juu ya simu ndogo. "Niambie, basi," alisema. "Hapa?"

"Ongeza."

"Hapa?"

"Ongeza, mwanangu, usinionee huruma."

Upande wa pili wa ua, mzee Nkunzimana alikuwa anavuta miti ya mlango wa zizi. Ilikuwa imekwama, kila mtu alikuwa kwenye foleni ya picha, na magoti hayakumruhusu kuinama zaidi. Akageuka, akatafuta kwa macho, akamwona Nduwayezu.

"Wewe," alisema. "Mkwe. Njoo ushike huku."

Nduwayezu akaruka majembe yake yote.